Miaka 28 Chini ya Kikapu

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

  Nimeambiwa nizungumzie michezo na afya ya mwili, na naona wengine mmeshaanza kusinzia kabla sijafungua mdomo. Mnadhani nitawasomea ile orodha ya kila siku: kula matunda, lala mapema, usivute sigara. Orodha hiyo mnaijua kuliko mimi. Leo nimewaletea mtu mmoja tu, mzee wa Kiitaliano. Tumfuate uwanjani tangu siku alipoanza mpaka alipovua viatu, na njiani nitakuwa nasimama pale ninapoona panatuhusu.

Anaitwa Dino Meneghin. Hiyo "gh" isomeni kama g ya gari. Alizaliwa tarehe 18 Januari 1950 katika kijiji cha Alano di Piave, kaskazini mwa Italia, sehemu za milimani. Ni mrefu, amezidi mita mbili. Sasa pigeni hesabu na mimi. Aliingia ligi kuu ya Italia ya mpira wa kikapu mwaka 1966, akiwa na miaka 16. Akaacha mwaka 1994, akiwa na miaka 44. Misimu 28! Mimi ninayesimama mbele yenu sikuwa nimezaliwa alipostaafu, na alikuwa ameshacheza zaidi ya mechi 800 za ligi peke yake. Hapo sijahesabu timu ya taifa wala makombe ya Ulaya.

Kwa wale wasiocheza kikapu, nieleze kidogo kazi yake. Meneghin alikuwa senta. Senta ndiye anayekaa chini ya kikapu, kwenye msongamano. Mpira ukirushwa ukagonga chuma, yeye ndiye anayeruka kuugombania na watu wengine wanne wenye viwiko. Anasimama kama ukuta ili mwenzake apite na kufunga. Anasukumwa mgongoni dakika zote. Wafungaji hupigiwa makofi, senta hupigwa viwiko. Kwa hiyo mkisikia mtu amedumu miaka 28 katika mpira wa kikapu, msifikirie amedumu pembeni akirusha mipira ya mbali huku jasho limekauka. Amedumu mahali ambapo kila anayeruka anatua juu ya mguu wa mwingine.

Klabu iliyomlea ni ya Varese, mji usio mkubwa karibu na mpaka wa Uswisi. Siku hizo timu iliitwa Ignis, jina la kampuni ya mwenye timu iliyotengeneza majokofu. Naam, majokofu! Waitaliano walikuwa na desturi hiyo, timu kubeba jina la mfadhili, na mfadhili akibadilika jina nalo linabadilika. Ukisoma historia yao unaweza kudhani ni timu tano kumbe ni moja.

Na hiyo moja ilikuwa timu ya kutisha. Kuanzia mwaka 1970 mpaka 1979 Varese waliingia fainali ya Kombe la Ulaya la klabu kila mwaka, mara 10 mfululizo, na Meneghin akiwemo. Walishinda ya 1970 mjini Sarajevo dhidi ya CSKA Moscow, 79 kwa 74. Wakashinda tena 1972, 1973, 1975 na 1976. Hapo mnapiga makofi, vizuri. Lakini hesabuni tena. Fainali 10, ushindi 5. Maana yake walifungwa fainali 5. Mwaka 1972 waliwafunga Jugoplastika 70 kwa 69, pointi moja. Mwaka 1977 Maccabi wa Tel Aviv wakawafunga wao 78 kwa 77, pointi moja ile ile imehamia upande wa pili. Halafu 1978 wakafungwa, 1979 wakafungwa. Fainali tatu mfululizo unarudi nyumbani mikono mitupu, na msimu ujao unaanza mazoezi upya kama vile hakuna kilichotokea.

Kuna jambo la mwaka 1970 ambalo wapenzi wa ligi ya Marekani watalipenda. Timu ya Atlanta Hawks ilimchagua Meneghin, akiwa na miaka 20, katika ule mgawo wa wachezaji chipukizi wa kila mwaka. Wakati huo kuchagua kijana wa Ulaya lilikuwa jambo la ajabu. Hakwenda. Msimcheke. Kwa kanuni za siku zile, aliyecheza ligi ya kulipwa ya Marekani alipoteza haki ya kuchezea taifa lake katika Olimpiki na mashindano ya Ulaya, na kanuni hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1989. Angekwenda, sehemu kubwa ya ninayowaambia leo isingekuwepo.

Maana timu ya taifa aliichezea mechi 271. Alikwenda Olimpiki nne: 1972, 1976, 1980 na 1984. Ile ya kwanza, Munich, Italia walikosa medali ya shaba kwa pointi moja mbele ya Kuba, 66 kwa 65. (Naona hizi pointi moja zilimwandama bwana huyu.) Ilibidi asubiri miaka minane. Moscow, 1980, Italia wakawafunga Warusi nyumbani kwao, yaani Umoja wa Kisovieti, 87 kwa 85, wakafika fainali na kuchukua medali ya fedha nyuma ya Yugoslavia. Mwaka 1983, kule Nantes, Ufaransa, wakawafunga Hispania 105 kwa 96 na kuwa mabingwa wa Ulaya. Meneghin alikuwa na miaka 33. Medali yake ya kwanza ya mashindano hayo ya Ulaya, shaba, aliipata mwaka 1971.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mwaka 1981, kwa sababu hapo ndipo ninapopataka mimi.

Mwaka huo aliihama Varese akiwa na miaka 31. Alikuwa ameshacheza misimu 15 chini ya kikapu. Senta wa miaka 31 kwa kawaida anahesabiwa mzee: magoti yamechoka, mgongo unauma asubuhi. Akaenda Milano, kwa kocha wa Kimarekani, Dan Peterson. Kama angeacha siku hiyo bado angekuwa ameingia katika historia, na vikombe 7 vya ligi ya Italia na 5 vya Ulaya. Hakuacha. Alicheza Milano misimu 9, akaongeza vikombe 5 vya ligi na 2 vya Ulaya. Jumla 12 na 7. Watu wazima husema "umri umekwenda", na pengine husemwa hata kwa msichana wa miaka 18 aliyetaka kuanza kukimbia. Hesabu za Meneghin baada ya miaka 31 peke yake zinatosha kumfanya mtu mwingine awe mashuhuri.

Mechi moja lazima niwasimulie. Msimu wa 1986/87 Milano walikwenda Thessaloniki, Ugiriki, kucheza na Aris. Aris walikuwa na fundi mmoja anaitwa Nikos Galis, akafunga pointi 44 peke yake, na Milano wakalala 98 kwa 67. Pointi 31! Zilikuwa mechi mbili, nyumbani na ugenini, jumla ndiyo inayoamua. Nani anarudisha pointi 31 mbele ya Galis? Wiki iliyofuata, mjini Milano, walishinda 83 kwa 49. Toeni: ni 34. Aris, waliofunga 98, walibanwa wakapata 49, nusu kamili. Mechi ya namna hiyo haishindwi kwa kurusha vizuri tu, inashindwa kwa kuzuia, kwa kugombania kila mpira unaoanguka, na hiyo ndiyo kazi ya watu kama Meneghin. Alikuwa na miaka 36. Aprili 1987 huko Lausanne walichukua kombe, 71 kwa 69 dhidi ya Maccabi, na mwaka uliofuata wakalichukua tena, Maccabi wale wale. Nadhani ile ya 1977 ilikuwa imelipwa, na riba juu.

Mnataka kuniuliza: mwili uliwezaje? Nijibu kama mtu wa afya, si kama mshabiki.

Kwanza, tusidanganyane kwamba ni moyo tu. Moyo ulikuwepo, lakini mchezaji wa klabu kubwa Ulaya ana daktari wa timu, ana mtu wa kumchua misuli, ana kitanda cha kulala mchana. Akiumia, kuna mtu ambaye kazi yake ni kumwambia "leo huchezi". Ninyi mna nani? Mna benchi, mna chupa ya maji ya kugawana, na mna yule rafiki mmoja katika kila shule anayejiona mganga. Mtu akiteguka kifundo cha mguu, yeye anakuja mbio, anaushika mguu na kuuvuta "urudi". Halafu jioni bwenini unakandwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu mpaka machozi yatoke.

Jamani, tuache hilo. Kifundo kikiteguka, ndani kano zimevutika au kuchanika, na damu inavujia kwenye nyama. Siku mbili tatu za mwanzo moto na kusugua vinaongeza uvimbe. Kinachotakiwa ni kupumzisha mguu, kuweka kitu cha baridi kwa dakika 15 hadi 20, barafu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa isigusane na ngozi, kuufunga kwa bandeji isiyobana kupita kiasi, na kuuinua juu ya mto ukiwa umelala. Na kama huwezi kutembea hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe unaruka kwa maumivu, hiyo si ya bwenini tena. Nenda hospitali upigwe picha, huenda umevunjika.

La pili ni lile ambalo hakuna anayependa kulisema, kuficha maumivu. Nimezungumza na wanafunzi katika shule mbalimbali na kila mahali nakuta habari ile ile. Michezo ya shule imekaribia, timu inachaguliwa, goti linauma, na mtu anameza vidonge vya maumivu kabla ya mechi ili mwalimu asijue. Namwelewa. Kuchaguliwa ni jambo kubwa, pengine ndiyo safari yake ya kwanza kutoka nje ya wilaya. Lakini kidonge hakitibu goti, kinanyamazisha tu kengele. Unaendelea kuruka juu ya kitu kilichochanika, na jeraha la wiki tatu unaligeuza kuwa la miezi. Vidonge vingine vikimezwa ovyo, tena tumbo likiwa tupu, vinachubua tumbo, na ukiwa umepungukiwa maji vinaumiza figo.

Wale mnaorefuka haraka sasa hivi, wengi wenu mna umri huo, mnaweza kupata maumivu na kauvimbe kagumu chini kidogo ya goti, pale mbele. Mara nyingi si ugonjwa wa kutisha. Mfupa unakua na kano inauvuta. Dawa yake ni kupunguza kuruka kwa muda, na kumwambia mwalimu ili asikuite mvivu. Walimu mliopo hapa nisameheni, lakini neno "mvivu" limeharibu magoti mengi.

Na wasichana, hili ni lenu hasa. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla kama kikapu na netiboli, wasichana wanachanika kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Sehemu ya sababu ni namna ya kutua. Ukitua miguu imenyooka kama mti, au magoti yakaingia ndani yakagusana, kano inabeba uzito wote. Mazoezi ya kutua yapo na yanasaidia: ruka, tua kwa miguu miwili, magoti yakunjwe na yaelekee mbele, tulia, ruka tena. Dakika 10 kabla ya mazoezi, kila siku. Hayahitaji barafu wala daktari wala fedha. Yanahitaji aibu itoke, kwa sababu wavulana watacheka. Wacheke.

Turudi kwa mzee wetu, maana bado ana misimu minne.

Mwaka 1990 aliondoka Milano akaenda Trieste, mji wa bandari kule mpakani mashariki. Miaka 40! Timu hiyo ilikuwa ya vijana watupu, kocha wao akiwa Bogdan Tanjević. Kulikuwa na Gregor Fučka na Alessandro De Pol, na mwaka 1992 akaja Mserbia wa miaka 19, Dejan Bodiroga, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa Ulaya. Fikirieni kijana wa miaka 19 anafanya mazoezi kila siku na mtu aliyecheza fainali 13 za Ulaya. Hapo mzee hakuwa tena wa kufunga pointi 20. Alikuwa anacheza dakika chache na kuwaonyesha wadogo mahali pa kusimama.

Msimu huo huo wa kwanza, mwaka 1990, Trieste walikutana na Varese, klabu yake ya zamani. Upande wa Varese alikuwepo kijana wa miaka 16, mrefu, anaanza anza. Jina lake Andrea Meneghin. Mwanawe. Baba miaka 40, mtoto 16, timu mbili tofauti, ligi kuu. Sijui nani hapa angependa kuzuiwa na baba yake mbele ya watu.

Huyo Andrea hakubaki kivulini. Mwaka 1999 Varese walichukua ubingwa wa Italia akiwemo, na mwaka ule ule timu ya taifa ya Italia ikawa bingwa wa Ulaya mjini Paris, kwa kuwafunga Hispania 64 kwa 56. Baba alikuwa amepata dhahabu yake Ufaransa, dhidi ya Hispania, miaka 16 nyuma. Tazameni na wengine waliokuwemo mwaka 1999: Fučka na De Pol, wale vijana wa Trieste, na kocha ni yule yule Tanjević.

Lakini Andrea hakufika miaka 44 uwanjani, wala hakukaribia. Majeraha yalimsumbua akaacha mapema kuliko baba yake. Nawaambia hili kwa makusudi. Damu ni moja, mchezo ni mmoja, klabu ya kwanza ni moja, na mwili wa mmoja ulikubali miaka 28 na wa mwingine haukukubali. Hakuna aliyethubutu kusema Andrea hakuwa na moyo, mtu mwenye dhahabu ya Ulaya! Kwa hiyo yule mwenzenu aliyeacha timu mwaka jana kwa ajili ya goti, mnayemwita "kioo", mwacheni. Goti lake si lako.

Meneghin alirudi Milano kwa msimu wa mwisho akamaliza mwaka 1994. Mwaka 2003 aliingizwa katika Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa mpira wa kikapu kule Springfield, Marekani, mji ambao mchezo wenyewe ulibuniwa mwaka 1891. Baadaye aliongoza shirikisho la kikapu la Italia mpaka mwaka 2013. Na mwaka 2019 klabu ya Milano iliistaafisha jezi yake namba 11, hakuna mwingine wa kuivaa.

Nimeletewa kikaratasi hapa, hakina jina. Kinasema: "Dada, mimi niko kidato cha tatu, sijawahi kucheza mchezo wowote, je nimechelewa?" Kuingia ligi kuu ya Italia, ndiyo, umechelewa kidogo. Kuanza kucheza, hapana. Anza mara mbili kwa wiki, usikimbilie kila siku kwa sababu umefurahi leo. Kano na mifupa huchelewa kuzoea kuliko pumzi. Pumzi itakwambia uko tayari baada ya wiki tatu, magoti yatasema subiri. Yasikilize magoti. Na ulale, saa nane mpaka kumi kwa umri wako. Najua ratiba ya bweni na ile kengele ya alfajiri, hilo tutalizungumza na mwalimu wa zamu.

Kikaratasi cha pili: "Je, ni kweli kucheza kikapu kunarefusha?" Hapana. Warefu ndio wanaochaguliwa kucheza, ndiyo maana inaonekana hivyo.

Mengine nitayajibu nje, maana naona mwalimu ameshaangalia saa mara mbili. Wale wa netiboli nikuteni pale uwanjani na viatu, niwaonyeshe ile ya kutua.